Pindo Lililofumuka

"Rufaa hii haina kichwa wala miguu," jaji alisema. "Mrufani alionywa, akashupaa. Atamlipa mdogo wake gharama zote za kesi, bila kupunguza hata senti."

Fundi cherehani alisikia ushindi wake, lakini macho hayakubanduka kwenye gauni la dada yake, mrufani. Pindo limefumuka nyuma, linaning'inia kama ulimi. Miaka yote hii wanagombea cherehani ya marehemu mama yao, na anayeing'ang'ania hajui hata kutunga uzi!

Nje koridoni, wakili wake alichekelea. "Sasa tumdai zote?"

Fundi alichomoa sindano kwenye ukosi wake. "Dada, simama. Usigeuke."

"Niache. Si umeshinda?"

"Utapitaje barabarani hivyo? Watu watasema huna mdogo."

Dada akasimama. Fundi akaweka mkoba wake chini kando ya wa dada, akapiga magoti sakafuni, akashona taratibu, roho kwatu.

"Kaza," dada alinong'ona. "Mama alikuwa akikaza."

"Nakaza, dada."

"Nasubiri jibu," wakili alikumbusha. "Tumdai zote?"

Fundi alikata uzi kwa meno.

"Wakili, hebu tushikie hii mikoba yetu."