Sauti Niliyompa Nabintu

Siku hizi Kiingereza hakifundishwi ubaoni. Sisi walimu wa kujitolea tunawamiminia wakimbizi lugha kwa mashine, koo kwa koo, na anayeipokea hubaki na sauti ya mwalimu wake maisha yote. Bila hivyo hapewi kazi.

Jumamosi nilimpelekea Nabintu blanketi. Alinishukuru kwa sauti yangu mwenyewe, huku amempakata mwanawe.

"Mwanzo nikimbembeleza Mugisho alikuwa analia, anamtafuta mama yake," alisema. "Sasa ameshaizoea sauti hii."

"Hongera, mdogo wangu," nikasema.

Mtoto akageuka. Akaninyooshea mikono, akaanza kujinasua mikononi mwa mama yake. Nabintu akamkumbatia kwa nguvu, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, nakuomba. Ukija kwangu, usiseme kitu."

Niliitikia kwa kichwa. Mimi sina mtoto, na hakuna aliyewahi kuninyooshea mikono namna ile. Nikachukua mkoba wangu, nikaelekea mlangoni. Ningeweza kumpungia tu mkono nikaenda zangu.

"Kwaheri, Mugisho," nikasema polepole, kisha nikasimama nje ya mlango nikisikiliza anavyonililia.