Siku Mbili za Nyongeza

Kila mara maji ya bwawa yalipofunguliwa mtoni kwa ajili ya maboti ya wageni, mabomba ya mji yalifungwa, maana maji yalikuwa yale yale. Ekale, kiongozi wa safari za maboti kwenye makorongo ya jangwani, alikuwa akipanga safari ya siku sita. Mkewe Nakiru alikuwa ameshajaza madumu sita, moja kwa kila siku, na tangu asubuhi bomba lilikuwa halitoi hata tone.

Simu ikalia. Wageni walitaka siku nane, ili wafaidi jangwa.

"Umewajibuje, Baba Lomuria?" Nakiru alimuuliza mumewe.

"Nimekubali. Nikikataa, kazi atapewa mwingine."

Nakiru aliyatazama madumu, akayahesabu tena.

Mama yake Ekale akasema kwa upole kutoka chumbani, "Mwanangu, mimi msinihesabie. Sina kiu."

Ndivyo alivyosema marehemu baba yake Ekale mwaka jana, safari ilipoongezwa siku tatu.