Mnyaa wa Mama

Halmashauri ilikuwa imesimamisha kibao kipya: "Mtaa wa Shomvi". Chengula alikisoma mara mbili. Shomvi alipokuja kufungua duka, mama yake Chengula, mtu wa kwanza kulifyeka pori lile, alikuwa ameshazika watoto wawili pale.

"Mtaa huu ni wa mama yangu," alimwambia mwenyekiti wa mtaa aliyekuwa akisimamia kazi.

"Ushahidi uko wapi, mzee wangu?"

"Ule mti wa mnyaa alioupanda kuwa mpaka wake."

"Mnyaa upi?"

Chengula akageuka kuuonyesha. Mafundi walikuwa wameung'oa wapate pa kuchimbia nguzo ya kibao.

"Nenda nyumbani ukapumzike."

"Kwani nimekwambia nimechoka?"

Akaokota tawi la mnyaa kwenye takataka, utomvu mweupe ukimtiririka mkononi, akalichomeka chini ya kibao, kwenye saruji iliyokuwa bado mbichi.