Kioo cha Mbele

"Nionyeshe ile inayoharibu," mwanamke alisema.

Muuzaji wa duka la sabuni aliacha kupanga makopo. Wateja wake huuliza inayong'arisha, inayonukia, inayotoa mafuta. Inayoharibu hakuwahi kuulizwa.

"Inayoharibu nini, dada?"

"Ndege. Ile ndogo ya mume wangu. Mimi ndiye ninayeiosha."

"Ahaa, ili uikwepe!" Muuzaji akacheka. "Mimi hata pikipiki yangu inangoja mvua iionee huruma. Haya, sikia. Mwilini paka hii laini, haili bati. Ya chooni usiisogeze karibu, itabandua rangi. Na kioo cha mbele, angalia sana. Kile si kioo kama cha dirishani, ni plastiki. Hii asetoni ya kutolea rangi ya kucha ikikigusa tu, kwisha. Kinageuka cheupe kama uji, na hakirudi."

"Kabisa?"

"Hata ukikilamba."

Alinunua ile laini. Alipofika mlangoni akageuka, kama mtu aliyekumbuka kitu, akachukua na chupa mbili za asetoni.

"Za kucha," alisema.

Muuzaji alizitazama kucha zake, fupi, zimeliwa na maji ya ndoo, akapokea pesa. Biashara ni biashara.

Asubuhi ile fundi alikuwa amemvuta mwanamke huyo pembeni ya banda la ndege. "Shemeji, injini hii inakohoa kama mzee wa sigara. Nimemwambia mwenzako, ananicheka. Kesho asipae."

Na kesho ndiyo ilikuwa siku yenyewe: kupeleka vipuri kwenye shamba la ng'ambo ya milima, kazi ya kwanza tangu wateja waanze kumkimbia mumewe, wakilalamika kwamba siku hizi anatua kwa kishindo. Ndege imezeeka, mwanamke alikuwa akiwajibu. Lakini mumewe asingepaa peke yake. Angepaa na Kasuku, binti yao wa miaka saba, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila alisikialo hulirudia.

Jioni aliwakuta mezani. Kasuku alikuwa amechora mita za ndege kwenye kipande cha boksi, anazisoma kwa sauti ya kupasua masikio.

"Mafuta nusu! Mwendo tisini!"

"Safi. Na kesho usitazame nje, mwanangu. Nje kuna mawingu tu. Wewe macho kwenye mita, unisomee."

"Mwache abaki na mimi, Baba Kasuku," mkewe alisema.

"Abaki? Huyu ndiye msaidizi wangu. Bila yeye sipai."

Mama alitamani kulia na kucheka kwa pamoja. Tangu kazi iadimike, wawili hawa walikuwa chanda na pete. Hata kwenda dukani walishikana mikono. Ndilo jambo jema pekee ambalo shida iliwaletea, naye alimshukuru Mungu kwa hilo.

"Na injini?"

"Inakohoa, haijafa." Mumewe alitumbukiza ncha ya kidole kikombeni, akajimiminia chai mpaka ikamgusa. "Nikiiacha kazi hii tutakula nini, Mama Kasuku? Sabuni yako?"

Kasuku akadakia, "Sabuni yako!" Baba na mwana wakacheka mpaka meza ikatikisika.

Hakubishana naye tena. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho mumewe hakuweza kukicheka, nacho ni sheria yake mwenyewe: rubani asiyeona nje hapai. Aliwahi kumshusha tajiri mzima na masanduku yake, kisa ufa mwembamba kama unywele kwenye kioo.

Jua likiwa bado halijazama, alibeba ndoo akaenda bandani. Aliosha mbawa, akaosha tumbo, akaosha mkia, polepole, kama anayemwogesha mgonjwa. Kisha akafungua chupa za asetoni.

Kioo kilishika ukungu pale pale. Kikafifia, kikaganda, kikawa uji mtupu. Aliweka kiganja chake upande wa pili, hakukiona. Akaketi juu ya ndoo akalia. Mkate wao ameumwaga kwa mkono wake mwenyewe. Kioo kipya kingechukua miezi kufika, na pengine ndani ya miezi hiyo ingepatikana kazi nyingine, kazi ya chini, ya ardhini. Na isipopatikana? Afadhali njaa ya watatu kuliko shibe ya mmoja.

Kulipokucha alisimama mlangoni mwa banda, vidole bado vinanuka, anangoja ugomvi. Uongo wake alishauandaa: nilikosea chupa.

Mumewe alikuja ameshikwa mkono na Kasuku. Aliburuta kiganja juu ya ubawa hadi kwenye mlango, akapanda. Kasuku alipanda upande wa pili. Kwa ufupi wake, kichwa hakikufika usawa wa kioo. Akafungwa mkanda, akaziinamia mita kama alivyofundishwa.

Baba aliinua uso, akakielekea kile kioo cheupe. Mama akashika nguzo ya mlango. Sasa atashuka. Sasa.

"Mama Kasuku," aliita, akitabasamu, "leo umekisugua kweli kweli. Naona mpaka milima."

Injini ikawaka mara moja, bila kukohoa hata kidogo.