Msomaji wa Wiki

Kila Jumatatu mkutubi Mwatima huweka kwenye ukurasa wa maktaba ya chuo picha ya msomaji wa wiki, na chini yake hutaja meza anayopenda kusomea, ili wenzake wavutiwe kuja. Safari hii alimpiga picha Kidawa akiwa ameinamia kitabu, bila kumwambia.

Mchana Kidawa aliingia akitokea darasani, akahema mbele ya kaunta.

"Dada, naomba uifute ile picha."

"Mbona umependeza? Tazama watu walivyoipenda."

"Kuna mwanamume nilimkimbia. Hakuwa anajua nasoma wapi."

Tabasamu la Mwatima likafifia. Alichukua simu ili aifute, akakuta chini ya picha maoni mapya: "Ghorofa ya juu, meza ya dirishani. Asanteni sana, maktaba."

Akaifuta.

"Ameshaiona?" Kidawa aliuliza.

Mwatima aligeuka kutazama ngazi. Alikuwa anamkumbuka yule kaka mpole aliyemuuliza muda si mrefu uliopita ngazi ziko wapi, naye akamwonyesha kwa mkono.

Juu yao, upande wa dirishani, kiti kiliburutwa taratibu, na mtu akakaa.