Kusi

Kwenye skrini, programu aliyoiandika Sikudhani ilionyesha moshi wa kiwanda kitakachojengwa ukielekea kusini, kwenye mashamba ya chumvi yasiyokaliwa na mtu. Mkurugenzi alikwisha kufungua kalamu atie saini kibali.

"Mwanangu, upepo umeuandikaje?" aliuliza Bi Tabu, mpimaji wa hali ya hewa wa mji.

"Kusi, mama, kama ilivyo kwenye daftari lako. Si unakwenda kusini?"

"Kusi hutoka kusini!"

Sikudhani aliufungua tena mstari wa upepo kwenye programu. Alibadilisha namba moja, akabonyeza. Moshi ukageuka, ukashika njia ya kaskazini: soko, zahanati, kisha shule ya chekechea, alikomwacha bintiye asubuhi.

"Nisaini?" aliuliza Mkurugenzi bila kuinua macho.

Sikudhani akamgeuzia skrini. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.