Kimwondo na Bwawa la Juu

Mbwa mmoja, jina lake Kimwondo, alikuwa hatulii mahali. Siku moja alipanda njia ya mlimani na dada yake Tulizo, mwenye mguu mbovu, wakitafuta pa kuogelea. Walipofika kwenye bwawa la kwanza, Tulizo akajitosa.

"Toka humo, dada! La juu, penye maporomoko, ndilo zuri."

"Umeliona?"

"Nimesikia."

"Basi nenda. Mguu wangu umeishia hapa."

Kimwondo akamwacha, akapanda mbio, ulimi nje. Karibu na maporomoko akagongana na mbwa mgeni aliyekuwa akiteremka kwa haraka.

"Ndugu, kwani bwawa la huku lina nini?" Kimwondo akauliza.

"Halina baya, nimekulia hapo. Lakini kunguru kaniambia la chini ndilo zuri. Amemwona mbwa kiwete akiogelea humo kwa raha zake."

Kimwondo akatazama bondeni. Maji ya maporomoko yalikuwa hatua kumi tu mbele yake, na koo limemkauka.

"Tangulia, nakufuata," akasema, wakateremka wote wawili bila kulowesha hata ukucha.